Feda ya Chaneli ya Tatu

Katika nyumba ya Shangazi Fundi, mtu akiitwa kutoka chumba kingine haitiki. Anaweka chini alichoshika, anainuka, anakwenda mpaka aliyemwita amwone uso. Wageni hudhani watu wa humo wana kiburi. Watoto waliokulia humo hawajui utaratibu mwingine. Mkwe mpya huelezwa siku za mwanzo, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoelezwa bomba lipi linavuja na mlango upi unataka kusukumwa kwa bega. Sababu haambiwi. Sababu ni hii.

Shangazi alikuwa fundi wa vyombo vya muziki: redio, spika, na zaidi ya vyote miksa, yale mabao ya vitufe ambayo DJ huchanganyia nyimbo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mwisho upande wa kushoto wa ukumbi mwembamba. Mkabala nayo, upande wa kulia, kilikuwa chumba cha kulala. Alikuwa mtu wa maneno machache na mpangilio mwingi. Kifaa kikiingia mkononi mwake hakugusa kitufe hata kimoja kabla hajabandika vipande vyembamba vya tepu nyeupe pembeni mwake, kuonyesha mwenyewe alikiacha wapi. Mafundi wengine walimcheka. Wao walianza kwa kuzungusha kila kinachozunguka. Yeye alitaka kwanza ajue mkono wa mwenye chombo ulizoea kukaa wapi, kwa kuwa hapo ndipo chombo huchakaa.

Mumewe alikuwa DJ, mtu wa harusi na sherehe za mitaani. Watu walimwita Mapigo. Alikuwa na sauti nzito iliyoweza kuwainua watu vitini hata kabla muziki haujaanza. Alipougua, ugonjwa ulianza kwa kumnyonya sauti hiyo, kisha ukaendelea na nguvu. Mwishoni alibaki na mnong'ono ambao mtu aliyekaa kitandani pake aliusikia kwa shida.

Kazi za watu zilikuwa zikimsubiri shangazi mezani, na mgonjwa hakuweza kuachwa bila sikio. Basi akatafuta njia ya kifundi. Akaweka maiki karibu na mto, akapitisha waya chini ya zulia, akauvusha ukumbi hadi karakana, akauchomeka kwenye miksa ya mumewe mwenyewe, chaneli ya tatu. Miksa aliiegemeza ukutani juu ya rafu, mbele yake spika ndogo. Kila chaneli ya miksa ina kidude cha kusukuma juu na chini, kinachopandisha na kushusha sauti. Mafundi wanakiita feda. Feda ya tatu aliisukuma hadi theluthi mbili ya njia yake. Ikizidi hapo, spika ilipiga yowe. Ikipungua, mnong'ono haukufika. Akabandika tepu nyeupe pembeni: hapa.

"Umeniweka hewani," Mapigo alinong'ona siku ya kwanza, na spika ya karakana ikarudia.

"Ndiyo. Ila usiwasalimie wasikilizaji kila saa," shangazi alimjibu.

Walicheka. Wakati ule bado walikuwa wakicheka.

Ugonjwa ulirefuka. Shangazi alijifunza kulala amesimama, bega likiwa ukutani, maji yakichemka. Alilehemu waya usiku na kumgeuza mgonjwa alfajiri, halafu asubuhi akasahau kama amekwisha kumgeuza, akarudia. Feda ya tatu ilianza kukatakata sauti, kwa kuwa ilikuwa imekaa mahali pamoja siku zote hizo na vumbi limeingia. Fundi wa kweli angeifungua. Yeye alikuwa amechoka mno. Akachukua dawa ya kusafishia, akapuliza kwa juu kupitia kwenye ufa, akaisukuma mara kadhaa, akairudisha kwenye tepu. Alijua kabisa kwamba dawa ile huosha grisi ya ndani, na feda isiyo na grisi huwa nyepesi kama karatasi. Alipuliza hivyo hivyo. Hakuwahi kumfanyia mteja jambo kama hilo.

Siku moja, akibadilisha shuka, akiwa ameinama juu ya mto kiasi kwamba mdomo wake ulikuwa karibu na maiki, alisema, "Laiti ningempata mwingine kama mimi. Ashike zamu ya mchana tu, nilale."

"Utampa nini?" Mapigo alinong'ona, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Achukue anachotaka. Mimi nilale tu."

Ulikuwa utani wa watu wawili waliochoka. Lakini waya ulikuwa hai. Maneno yale yalivuka ukumbi yakatokea kwenye spika ya karakana, ambako hapakuwa na mtu wa kuyasikia.

Mapigo alifariki mchana mmoja wa joto, saa ile ambayo mtaa mzima unasinzia. Shangazi alikuwa ameweka kichwa juu ya meza ya kazi, kati ya bisibisi na mita, akapotea usingizini. Alipoamka, spika ilikuwa kimya. Kimya kabisa, hata mvumo wake wa kawaida haukuwepo. Akatazama miksa. Feda ya tatu ilikuwa chini, mwisho wa njia. Akakimbia. Mumewe alikuwa amelala chali, shuka limekunjwa vizuri kifuani, upindo wa vidole vinne, jinsi shangazi mwenyewe alivyozoea kulikunja. Alikuwa ameanza kupoa.

Hilo peke yake lingetosha kumlaza mtu macho wazi. Lakini msibani kulizuka lingine.

Shemeji yake, mdogo wake Mapigo, alikuwa amepita pale mchana uleule. Alisimama nje chini ya dirisha la chumba cha kulala, akapiga hodi, akauliza hali ya mgonjwa. Kwa maelezo yake, shangazi alimjibu kutoka ndani ya chumba, kwamba yuko na mgonjwa, kwamba analala, arudi baadaye. Naye akaondoka. Msibani alimweleza mama yao jambo hilo ili kumfariji: angalau kaka hakufa peke yake.

Shangazi alisema hapana. Alikuwa karakana, amelala. Hakuzungumza na mtu dirishani.

Mama mkwe aliinua uso kutoka kwenye leso. "Ulikuwa naye, au ulikuwa umelala?" aliuliza, taratibu, mbele ya wanawake wote. "Chagua moja, mwanangu."

 Tangu siku ile mama mkwe hakukanyaga tena nyumba ile. Hakumtukana wala hakumsema. Alinyamaza tu, na ukimya wa mama mkwe ulienea kwa mawifi, ukaenea kwa majirani, ukakaa pale kama samani. Walijiuliza mke anadanganya ili afiche nini. Shemeji naye hakuongeza neno, lakini hakufuta alilosema. Alikuwa amesikia alichosikia.

Shangazi naye alikuwa na jibu lake la siri, ambalo hakumwambia mtu. Aliamini feda imeteleza yenyewe. Miksa ilikuwa imeegemezwa, feda imeoshwa grisi kwa uvivu wake, lori limepita njiani, rafu imetikisika, feda ikashuka. Mumewe akaita na sauti haikufika. Basi aliyemuua ni yeye, kwa kopo la dawa. Akaitandika miksa kitambaa cha meza bila kuigusa kitufe hata kimoja, na kwa mwaka mzima akafanya kazi za watu huku ameipa mgongo.

Ndipo shemeji akaja.

"Hodi hodi! Fundi wa mafundi yupo?"

"Nipo, shemeji. Pita."

Shemeji alisita kidogo mlangoni. Sauti ya shangazi ilikuwa nzito kidogo kwa mwanamke, na neno likifika mwisho lilikwaruza, kama sindano inayotoka kwenye sahani ya santuri. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na sauti ile. Kila alipolisikia lile "nipo" kwa sauti ile, shemeji alisita.

"Umekuja kunisalimia, au una kifaa?" shangazi alimuuliza.

"Mikono mitupu, shemeji."

"Basi umekuja kuazima."

Shemeji alicheka, akavuta kreti tupu, akaketi. Alikuwa ameshika kazi za marehemu kaka yake za kupiga muziki. "Bwana harusi kaimwagia soda miksa yangu. Alikuwa anacheza na mama mkwe wake, glasi mkononi. Sasa kila kitufe kinanata kama pipi."

"Na bwana harusi?"

"Yeye hakunata. Aliteleza."

Shangazi alitabasamu kwa uchovu. Alijua kinachofuata. Shemeji alikuwa akikitazama kile kitambaa cha meza kwenye rafu.

"Ile ya kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Najua ina kasoro. Chaneli ya tatu ilikuwa inakatakata tangu alipokuwa kitandani. Itengeneze, nipige nayo. Ukikataa sitakulaumu."

 Nje, jirani alikuwa akipiga zulia kwa fimbo, pigo moja moja. Shangazi alisimama, akaondoa kitambaa, akakikunja, akaibeba miksa hadi mezani kwa mikono miwili.

"Leo nitakwambia nilichofanya," alisema. "Halafu wewe utaniambia ulichosikia. Kila mtu aseme mbele ya chombo hiki."

Akamweleza kuhusu dawa aliyopuliza na grisi iliyooshwa. Akamwonyesha tepu nyeupe kwenye theluthi mbili, na feda pale chini, kama alivyoikuta siku ile. Shemeji alisikiliza, viwiko juu ya magoti.

"Kwa hiyo unasema iliteleza."

"Nasema nitakuonyesha."

Aliisukuma feda hadi kwenye tepu. Akaiegemeza miksa ukutani kwa mlalo uleule. Akapiga meza kwa ngumi. Feda haikusogea. Akapiga tena, kwa nguvu, bisibisi zikaruka. Haikusogea. Akaisimamisha miksa wima, akaitikisa kama mtu anayekung'uta mkoba. Feda ilikaa palepale kwenye tepu. Akaigusa kwa kidole gumba. Ilikuwa nzito, inakwamakwama, ya kusukuma kwa makusudi. Dawa ile haikuwa imeosha chochote. Ilikuwa imechanganyika na vumbi ikawa kama gundi, na gundi hiyo ya mwaka ule ilikuwa bado inashika.

Shangazi aliketi polepole.

"Haikuteleza," shemeji alisema.

"Haikuteleza."

"Basi ilishushwa."

 Walitazamana, na kwa mara ya kwanza shangazi aliona kwamba shemeji hakuwa na hasira naye. Alikuwa na hofu.

"Shemeji," alisema yule kijana kwa mnong'ono, "mimi nilikusikia. Naapa. Sikukuona, pazia lilikuwa limefungwa. Lakini nilikusikia kama ninavyokusikia sasa."

"Nami nilikuwa nimelala kwenye meza hii."

 Shangazi alichukua bisibisi akaanza kazi. Mikono yake ilijua la kufanya wakati kichwa hakijui. Alichomoa kofia za vitufe akazipanga kwa mstari. Alifungua bamba la juu. Alitoa feda ya tatu kwa pasi ya kulehemu, akaifungua kijumba chake cha bati, na ndani akakuta alichotarajia: njia nyeusi ya kaboni, na juu yake vidole vidogo vya shaba vinavyotembea. Kwenye theluthi mbili ya njia, pale sauti ya mgonjwa ilipokaa siku zote zile, kaboni ilikuwa imelika ikaacha doa jeupe.

Alisafisha gundi kwa pamba na spiriti. Alivipinda vile vidole vya shaba kidogo sana upande, kwa ncha ya koleo, ili vitembee kwenye kaboni ambayo haijaguswa. Akapaka grisi mpya. Akapima kwa mita: mshale ulipanda taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Akarudisha feda mahali pake, akalehemu, akafunga. Sasa ilikuwa na uzito unaotakiwa, inakaa unapoiacha. Shemeji aliisukuma juu na chini akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Kama mpya."

"Bora kuliko mpya," shangazi alisema. Macho yalimwuma. Alitamani kulala.

Akaunganisha miksa na spika ndogo. Akawasha umeme. Taa ya kijani ikawaka. Akasukuma feda ya tatu hadi kwenye tepu ili wasikilize kama bado inakatakata. Chaneli isiyo na kitu hutoa mvumo mwepesi tu, kama upepo wa mbali.

Mvumo ulikuja. Ulikuwa safi.

Kisha: tik.

"Bado inakatakata," shemeji alisema.

Tik.

Shangazi aliinua kidole. Feda mbovu hukatakata ovyo. Hii ilikuwa na mwendo. Tik, kisha nafasi. Tik, kisha nafasi ileile.  Chumba cha kulala kilikuwa na pangaboi lenye bawa lililopinda, lililogonga mara moja kila lilipozunguka. Mapigo alikataa litengenezwe, alisema linampa mdundo. Baada ya msiba shangazi alilishusha kwa mikono yake mwenyewe. Lilikuwa vipande, ndani ya boksi, chini ya meza ile. Alikuwa akiligusa kwa mguu.

Tik.

"Umechomeka nini?" shemeji aliuliza.

"Sijachomeka kitu."

Aligeuza mgongo wa miksa akamwonyesha. Tundu la chaneli ya tatu lilikuwa tupu, jeusi. Maiki ilikuwa ndani ya droo. Waya ulikuwa umekunjwa ukutani tangu msiba.

Spika ilikohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu asiye na nguvu ya kukimaliza. Shemeji alisimama. Kreti lilianguka nyuma yake.

"Fundi," spika ilinong'ona.

Ilikuwa sauti ya Mapigo, ile ya mwisho. Mumewe hakumwita kwa jina lingine.

"Fundi. Maji."

Shangazi alifungua mdomo aitike. Hakuwahi.

"Nipo," spika ilijibu.

Lilikuwa neno zito kidogo. Mwisho wake ulikwaruza.

Shangazi aliweka kiganja mdomoni. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Ndala zilisikika sakafuni. Ya kushoto iliburuzwa, kama anavyoburuza yeye. Zilikaribia. Kitanda kililia, kama kinavyolia mtu anapoketi ukingoni. Maji yalimiminwa.

"Mikono yako ina baridi," Mapigo alinong'ona.

"Ni ya kazi," ilisema sauti ya shangazi.

Tik.

Mbali, kama kutoka nje ya dirisha, mtu alipiga hodi. Shemeji aliyekuwa karakana alishika ukingo wa meza. Alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe.

"Hodi, shemeji! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Nipo naye. Analala. Rudi baadaye."

"Haya, shemeji. Pole na kazi."

Nyayo ziliondoka. Tik. Tik. Shemeji alikuwa akilia bila sauti, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na hakuyafuta.

"Mbona umemwambia nimelala?" Mapigo aliuliza.

Hakujibiwa.

"Fundi."

Kimya. Kisha, nyuma ya kimya hicho, mbali, upande wa pili wa ukumbi, maiki ilinasa sauti nyingine. Nzito. Ya taratibu. Inapanda na kushuka.

Mapigo naye alikuwa ameisikia. Walijua, kwa kuwa pumzi yake ilikatika.

"Fundi," alinong'ona. "Kama wewe uko hapa, nani anakoroma karakana?"

Tik.

Tik.

"Usimwamshe," ilisema ile sauti, kwa upole kabisa. "Amechoka. Ameniomba nimshikie zamu."

Shangazi alikuwa akiitazama miksa. Aliona kitu ambacho shemeji naye alikiona, na ambacho kila mmoja alikieleza baadaye bila kutofautiana na mwenzake. Feda ya tatu, yenye grisi mpya, nzito, isiyotikisika, ilianza kushuka. Haikuanguka. Ilisogea pole pole, kama inavyosukumwa na mtu anayejali. Ilipita tepu. Ilipita nusu. Sauti zilififia nayo, pangaboi, kitanda, pumzi ya Mapigo iliyokuwa inaanza kwenda haraka. Ilifika chini.

Juu ya kofia ya feda kulibaki alama ya ukungu, mviringo, upana wa kidole gumba. Ilikauka wakiwa wanaitazama.

 Jirani alikuwa bado anapiga zulia. Kwa mwaka mzima kila mmoja alikuwa amemwona mwenzake mwongo, na sasa kila mmoja angetoa chochote mwenzake awe amedanganya kweli.

"Nisamehe, shemeji," yule kijana alisema hatimaye.

"Nikusamehe nini? Ulisikia ulichosikia."

"Mama nimwambie nini?"

Shangazi alifikiri. "Mwambie ulikosea. Sauti ilitoka dirisha lingine. Mwambie nilikuwa nimelala, na hilo ni kweli."

Shemeji aliondoka bila miksa. Hakuiulizia tena, siku ile wala nyingine. Shangazi aliifungua upya, akaitoa feda ya tatu, akaifunga ndani ya kitambaa, akaisukumia nyuma ya droo. Miksa aliiacha mezani bila bamba, kofia za vitufe zimepangwa kwa mstari, skrubu zake kwenye kifuniko cha kopo, na pale feda ilipokuwa pakiwa na mwanya mtupu. Akachomoa pasi ya kulehemu ukutani. Akaenda kulala kwa jirani.

Asubuhi alirudi kwa kupitia uani. Alifungua bomba, akaweka ndoo, akasimama akitazama maji yakijaa. Hakuwa amelala. Kila kiungo kilikuwa kizito, na maneno yale mawili yaliyozoeleka, nimechoka mimi, yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, yale ambayo kila mtu huyasema akiinua ndoo.

Akasikia mlango wa mbele ukisukumwa kwa bega.

"Hodi," ilisema sauti ya kizee. Ilikuwa sauti ya mama mkwe, ambaye hakuwa amekanyaga pale kwa mwaka mzima. Shemeji alikuwa amefikisha ujumbe. "Mwanangu? Uko wapi? Nimekuja tuzungumze."

Shangazi alivuta pumzi aitike.

"Nipo, mama," ilisema sauti yake kutoka karakana. "Pita huku."

Ndoo ilimponyoka. Alizunguka nyumba mbio, miguu mitupu juu ya changarawe, akaingia kwa mlango wa mbele. Mama mkwe alikuwa katikati ya ukumbi tayari, mkoba kifuani, akielekea upande wa kushoto. Shangazi alimshika mkono kwa nyuma. Bibi yule aligeuka, akamtazama, kisha akautazama mlango wa karakana uliokuwa wazi, kisha akamtazama tena. Uso wake ulibadilika taratibu. Hakuwa mjinga. Alikuwa na macho na masikio, na sasa alikuwa amevitumia vyote kwa wakati mmoja.

Walisogea pamoja hadi mlangoni.

Karakana ilikuwa tupu. Kofia za vitufe hazikuwa tena mezani kwa mstari. Zilikuwa zimevalishwa. Bamba la miksa lilikuwa limefungwa, skrubu zote zimekazwa. Chaneli ya tatu haikuwa na mwanya. Feda ilikuwa imerudishwa mahali pake, na ilikuwa imesukumwa hadi kwenye tepu nyeupe, sawasawa kabisa, wala haikuzidi wala kupungua. Pasi ya kulehemu ilikuwa kwenye kishikizo chake, na moshi mwembamba bado ulikuwa ukipanda kutoka kwenye ncha. Waya wake ulikuwa sakafuni. Haukuchomekwa popote.

Ilikuwa kazi nzuri. Shangazi mwenyewe asingeifanya vizuri zaidi.

Mama mkwe alimvuta shangazi kifuani, pale pale mlangoni, kama hakuwahi kumnyamazia hata siku moja. Alimpapasa mgongo. Mkono wake wa kizee ulikuwa wa moto.

"Pole, mwanangu," alinong'ona. "Pole sana. Nakuona. Umechoka."

 Hakuna kitu shangazi alichokitaka duniani kama kusema ndiyo, nimechoka. Ndani ya karakana, kiti cha meza ya kazi kililia kidogo, kama kinavyolia mtu anapoinuka.

"Hapana, mama," alisema kwa sauti kubwa, akikitazama kile kiti juu ya bega la mama mkwe wake. "Sijachoka. Sijachoka hata kidogo."